Sataranji kwa barua: Kiskoti au Kiitalia?
Klabu za Edinburgh na London zilicheza kwa barua kuanzia 1824 hadi 1828. Edinburgh ilishinda, na ufunguzi wa Kiskoti, yaani mpangilio wa hatua za mwanzo, ukapata jina lake.

Mwanzo wa Kiskoti na wa ufunguzi wa Kiitalia ni uleule (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni): vitunda e4 na e5, farasi f3 na c6. Njia zinaachana hatua ya tatu. Kiskoti kinasukuma kitunda d4. Kiitalia kinamtoa askofu hadi c4, akiinyemelea f7, mraba unaolindwa na mfalme peke yake.

Mezani, saa ikikimbia, nachagua Kiitalia bila kusita: kwa d3 na c3 unajipanga taratibu, hakuna kinacholipuka. Kwa barua nachagua Kiskoti. Mweusi akishakula d4 na farasi wako akalipiza, katikati iko wazi na kete zinatazamana uso kwa uso. Hapo siku tatu za kufikiria kila hatua zina kazi kweli: unapanga ubao, unasogeza, unarudisha, unafuata kila tawi hadi likauke. Bingwa wa dunia Kasparov alikitumia Kiskoti dhidi ya mpinzani wake Karpov mwaka 1990, akashinda mchezo wa 16 kwa hatua 102.

Ila katika Kiskoti mvutano huisha mapema, na Mweusi anayejua kujibu kwa farasi f6 si rahisi kumbana.