WRX ya zamani: bei ya matangazo au ya mthamini?

Una Subaru Impreza WRX ya 2002 hapo Nairobi. Rangi imepauka, shoksi zimechoka, tabo inapiga mluzi. Uiuze bei gani?

Matangazo ni bure, na jioni moja yanatosha. Ila ile ni bei inayoombwa, si iliyolipwa. Tangazo likikaa miezi, jua wanunuzi wameshaikataa. Uzuri wake ni kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo lako linashindana na zilizomo nchini tu, na matangazo ndiyo yanayoonyesha kama zimebaki chache.

Mthamini unamlipa, lakini unatoka na ripoti ambayo hata kampuni ya bima inaielewa. Atakagua chesesi, kutu, na mahali paliporudiwa rangi. Injini huwa haifungui, na kwa EJ20, injini ya WRX hii, pesa iko humo: beringi za koneti rodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) zikianza kugonga, mnunuzi anakukata gharama ya injini nzima, na ana haki. Kwa vyovyote vile, mwite fundi apime kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote 4 kwanza.

Unamuuzia shemeji au mfanyakazi mwenzako? Lipia ripoti, lawama zipungue. Una karo ya wiki ijayo? Fuata matangazo, shuka kidogo. Na kama gari halijawahi kuchezewa, yaani bado liko na vipuri vyake vya asili, usiharakishe: mthamini ataona umri, shabiki ataona kitu adimu.