Vichanja vya kukodi vya kukaushia dagaa, Kigoma: uzoefu wangu

Natoa nyota nne kati ya tano. Iliyokosekana nitaieleza huko chini.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa. Nanunua alfajiri boti zikiingia, naanika, nawauzia wanaopeleka Dar es Salaam na Kahama. Mwalo wetu uko jirani na Ujiji, na vichanja ninavyovizungumzia ni vya akina mama wa hapo hapo wakishirikiana na BMU, ile kamati ya wanakijiji inayosimamia uvuvi mwaloni. Unalipa ada ya siku kwa kila kichanja. Ni hela ya sahani ya wali maharage, haizidi.

Kifaa chenyewe hakina maajabu: nguzo za mikaratusi, urefu wa kiunoni, juu umetandazwa wavu wa nailoni wenye matundu madogo. Lakini aliyewahi kuanika mchangani ataelewa kwa nini nasifia. Dagaa wa mchangani anakauka upande wa juu, chini anabaki mbichi. Ukimgeuza kwa fagio vichwa vinakatika, kuku wa jirani nao wanakula bila kulipa. Mchanga wenyewe hautoki wote hata upepete vipi. Mnunuzi wa Dar anaokota mmoja, anatafuna mbele ya macho yako, akisikia mchanga kwenye jino anakutajia bei ya chakula cha kuku. Utabishana naye wapi?

Kichanjani hewa inapita juu na chini. Siku ya jua la kiangazi, na upepo ule wa kusini, niliowaanika asubuhi nawakusanya jioni ile ile, wazima, wanang'aa. Hao mnunuzi haongei sana.

Sasa, wengi wakisikia hifadhi ya Ziwa Tanganyika wanafikiria doria na faini tu. Mimi naona hifadhi inaanzia hapa kwenye kuanika. Dagaa akioza au akiuzwa kwa bei ya kutupa, mwenye boti hajapata hela ya mafuta, kwa hiyo usiku unaofuata atataka kuvua mara mbili ili kufidia. Ukiniuliza, kichanja kinalilinda ziwa kuliko semina nyingi nilizokaa nikinywa soda.

Nililiona hilo vizuri mwaka 2024. Ziwa lilipumzishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Miezi hiyo ndiyo jua letu zuri la kuanikia, na vichanja vilikaa vitupu. Ilikuwa ngumu, sitadanganya. Kilichonivusha ni magunia niliyokuwa nimeyaweka stoo kabla ya kufungwa. Waliokauka kichanjani walikaa vizuri, nikawa nauza kidogo kidogo kwa bei ya uhaba. Jirani yangu aliyeanika chini alifungua gunia lake akakuta ukungu. Boti ziliporudi majini, dagaa wa siku za mwanzo walikuwa wanono machoni pangu, na hata wavuvi waliotukana sana walikaa kimya kidogo.

Sehemu ya ada yetu inanunua mafuta ya boti ya doria ya BMU. Hapo sina kinyongo. Dagaa wachanga hukaa karibu na ufukwe kabla hawajaenda kilindini, na kokoro linalovutwa hadi nchi kavu huzoa kila kitu, hao wachanga pamoja na samaki aitwaye kuhe aliyekuwa analinda watoto wake. Makokoro yamepigwa marufuku, lakini usiku yanaonekana. Anayejua yanapofichwa ni mtu wa kijijini, si afisa wa kutoka mjini. Haimalizi tatizo lote, maana maji ya juu ya ziwa yanazidi kupata joto, hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yenye rutuba, chakula cha dagaa kinapungua. Hilo doria haiwezi kulikamata.

Haya, nyota iliyokosekana. Mwezi ukiwa mkubwa angani, taa za kuvulia usiku hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika, vichanja vinabaki kwa kunguru. Giza likirudi samaki wanakuja kwa mkupuo, na saa moja asubuhi kila mama anataka kichanja. Foleni ingekuwa ya haki nisingesema kitu. Ila kuna wenye ndugu kwenye kamati ambao vichanja vyao vimeshawekewa beseni tangu usiku. Tumelalamika kikaoni, tukaambiwa kitawekwa kitabu cha zamu. Kitabu kimewekwa, zamu bado. Mapato nayo yangebandikwa ukutani tungelipa kwa moyo mweupe zaidi.

Na masika, Novemba mpaka Aprili hivi, usitegemee sana. Mvua ikishuka ghafla unafunika kwa turubai, lakini dagaa wakilala chini ya turubai siku mbili wanatoa jasho na harufu inabadilika. Bado hatuna banda la kukaushia lenye paa la nailoni nyeupe. Hilo ndilo ningependa ada iende kabla ya kuongeza vichanja vingine.

Kwa anayetaka kujaribu: fika kabla ya saa kumi na mbili, beba turubai lako mwenyewe, omba vichanja vya upande wa ziwani vinakopata upepo. Vipo vichache vya zamani vyenye wavu wa waya, hivyo viepuke, kutu inawatia dagaa madoa ya kahawia. Na usirundike. Tandaza wembamba, hata kama mwenye zamu anakuharakisha.