Maskati, Nizwa na Sur kwa siku tano: panapolipa na panapokula muda bure

Safari ya Oman ipange kuanzia Ijumaa kurudi nyuma. Mnada wa mbuzi wa Nizwa hufanyika Ijumaa asubuhi, na ukiukosa unasubiri wiki nzima. Jumatano iwe ya Maskati, Alhamisi ulale Nizwa, Ijumaa na Jumamosi ulale Sur, Jumapili urudi kwa barabara ya pwani. Msimu mzuri ni Oktoba hadi Machi. Kuanzia Mei joto linapita nyuzi 40, na kupanda ngome za mawe kwenye joto hilo ni kujitakia maradhi.

Saa zote hapa chini ni za Kiswahili. Vibao vyao vinaandika za kimataifa, kwa hiyo saa 2 asubuhi utaikuta 8:00. Inaonekana jambo dogo mpaka ufike mlangoni ukute umefungwa.

Gari dogo la kawaida linatosha, maana njia yote ni lami safi. Bei huwa kati ya riali 10 na 15 kwa siku, lakini kabla ya kutia saini soma idadi ya kilomita unazoruhusiwa. Mikataba mingi huweka 200 au 250 kwa siku. Mzunguko huu unakula karibu kilomita 900, kwa hiyo 200 kwa siku zinatosha kwa siku tano, ila ukiongeza safari ya kwenda kuona kasa Ras al Jinz, hesabu inaanza kubana. Petroli si ya kukunyima usingizi: lita iko chini ya baisa 250. Kinachoumiza ni kamera za barabarani. Kikomo cha barabara kuu ni 120, kisha kinashuka ghafla unapokaribia mji au mzunguko wa barabara, na faini hukatwa kwenye amana yako ukiwa umeshasahau kama uliwahi kuendesha gari huko. Jebel Akhdar usiiweke kwenye ratiba kama huna gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kwani polisi wa kizuizi cha Birkat al-Mawz watakurudisha. Na mvua ikinyesha milimani, usivuke bonde lenye maji yanayotembea hata ukiona wenyeji wanavuka. Bima hailipi, na sheria inakuhesabu mkosaji.

Riali moja ina baisa 1000 na ni kama dola 2.6. Bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta: 2.500 ni riali mbili na nusu. Weka noti ndogo za baisa 100 na za nusu riali, maana mwenye duka la chai hana chenji ya 20 asubuhi.

Maskati

Anza na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, na uanze nao kweli. Wasio Waislamu wanaingia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, Jumamosi mpaka Alhamisi. Mwanamke afunike nywele, mikono mpaka kwenye viganja na miguu mpaka kwenye vifundo. Aliyekuja na nguo pungufu hukodisha baibui hapo hapo, na foleni ya kukodisha inakula nusu saa ambayo ungeitumia ndani. Zulia la ukumbi wa wanaume ni la kipande kimoja, karibu mita 70 kwa 60, na taa ya kuning'inia katikati ina kimo cha mita 14. Mabasi ya watalii huingia kuanzia saa 3, kwa hiyo saa ya kwanza ndiyo ya kupigia picha.

Soko la Muttrah hufungua asubuhi, hufunga mchana, kisha hurudi kuanzia saa 10:30 jioni mpaka saa 4 usiku. Ijumaa asubuhi halina mtu. Sehemu ya mbele, inayotazama bahari, ni ya shali za kiwandani na visahani vya ukumbusho, ipite tu. Kilichobora ni ubani, na hapo ndipo wengi wanapopigwa. Ubani wa daraja la juu, hojari, ni mweupe unaoelekea kijani, unapitisha mwanga ukiuinua kwenye taa. Ule wa kahawia wenye vipande vya maganda ya mti ndani yake ni wa daraja la chini, na hauachi kuwa wa chini kwa kutiwa kwenye kopo lenye nembo ya dhahabu. Mwombe muuzaji atie punje moja kwenye chetezo. Hojari hutoa harufu inayokaribia ndimu na moshi mweupe. Ukitoka moshi mweusi wenye harufu ya lami, shukuru na usogee duka la pili.

Ngome za Al Jalali na Al Mirani zitazame kwa nje, pale karibu na kasri la Al Alam, inatosha. Makumbusho ya Taifa yako hapo hapo na yana kiyoyozi, ndiyo mahali pa kumalizia saa za mchana wakati soko limelala.

Nizwa, Bahla na Jabreen

Kutoka Maskati mpaka Nizwa ni kama kilomita 160. Alhamisi upite Nizwa bila kusimama, uende kwanza kwenye kasri la Jabreen, kilomita 50 hivi mbele, kisha urudi kwa ngome ya Bahla. Wengi hufanya kinyume na hufika Jabreen wamechoka, wakaipita mbio. Ni makosa, maana Jabreen ndilo jengo bora la safari nzima. Imamu Bil'arab bin Sultan alilijenga katika miaka ya 1670 liwe makazi na mahali pa elimu, naye amezikwa humo. Dari zake za mbao zimechorwa maua kwa rangi ambazo bado zinasomeka. Ingia ukumbi wa Jua na Mwezi, ukae chini kimya dakika tano. Una madirisha 14, saba juu na saba chini: hewa ya moto inapanda na kutokea ya juu, ya baridi inaingia kwa ya chini. Utausikia upepo kwenye vifundo vya miguu huku nje kunachoma. Ghala la tende nalo lina sakafu ya mifereji. Magunia yalipangwa juu yake, uzito ukakamua asali ya tende, ikatiririka mpaka kwenye mtungi.

Bahla, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1987, ni kubwa mno na ndani ni tupu. Inavutia zaidi ukiitazama kutoka barabarani jioni, udongo wake ukiwa mwekundu. Nusu saa yatosha.

Ijumaa uwe kwenye mnada wa Nizwa saa 12:30 asubuhi, maana saa 3 wanafagia. Wauzaji huzunguka na mnyama kamba mkononi, wanunuzi wamesimama ndani na nje ya duara. Mnunuzi ananyoosha mkono, muuzaji anasimama. Mnunuzi anafungua mdomo wa mbuzi aone meno, anapapasa mgongo, na kama ni jike anapima kiwele kwa kiganja. Bei inatajwa mara moja au mbili, halafu ama noti zinahesabiwa ama kamba inavutwa mbele. Simama nyuma ya mstari wa nje. Njia ya kuzungukia si mahali pa kupigia picha, na dume la ng'ombe likikurupuka halichagui mgeni.

Ngome ya Nizwa iko hatua chache kutoka hapo, kiingilio kwa mgeni ni karibu riali 5, na Ijumaa hufungwa kabla ya sala, kwa hiyo ingia mnada ukipungua. Nenda moja kwa moja kwenye mnara wa duara uliojengwa na Imamu Sultan bin Saif katikati ya karne ya 17, maonyesho utayaona ukishuka. Ngazi inapinda kila hatua chache, na kila pindo lina mlango mzito na tundu juu yake. Tazama juu: kwenye tundu hilo ilimwagwa asali ya tende iliyochemshwa, ambayo hung'ang'ania ngozi kuliko maji. Ngazi inapopinda, adui hawezi kukimbia wala kugeuza gogo la kuvunjia mlango.

Jaza petroli kabla ya sala ya Ijumaa, kisha shika njia ya Ibra na Al Kamil kuelekea Sur, saa tatu na nusu hivi. Usishangae mzee wa dukani Ibra akikujibu kwa Kiswahili. Upande huo ulikuwa na watu wengi Zanzibar.

Sur

Watalii wengi hulala Sur usiku mmoja kwa ajili ya kasa tu. Wanaudhulumu mji. Jioni ya kwanza vuka daraja la kuning'inia uende Al Ayjah, upande wa pili wa hori (mkono wa bahari unaoingia mjini), ukatazame nyumba nyeupe, mnara wa taa na majahazi yaliyoegeshwa maji yakijaa. Panda kwenye mnara wa ulinzi dakika 40 kabla ya jua kuzama, si kumi, maana jua likishagusa vilima hori lote linaingia kivuli.

Jumamosi asubuhi nenda kiwanda cha majahazi. Kazi zimepungua, kwa hiyo pengine utakuta chombo kimoja tu kimeegemezwa na mafundi wachache, lakini hicho kimoja kinatosha. Hakuna ramani ukutani. Mkuku, uti wa chini wa chombo, hulazwa kwanza, mbao za ubavuni hupandishwa, na mataruma, mbavu za ndani, huingizwa baadaye kufuata umbo ambalo mbao zimeshalitengeneza. Inama karibu uone misumari: kichwa chake kimeviringishwa nyuzi zilizotiwa mafuta ili maji yasipite wala kutu isianze. Kati ya mbao na mbao ni kalafati, pamba ya kuzibia maji, imesukumwa kwa patasi. Ukiona fundi ameshika tezo, shoka la kuchongea mbao, msogelee kutoka mbele akuone.

Kisha tembea mpaka kwenye Fatah al-Khair, ganja (aina ya jahazi) iliyojengwa Sur mwaka 1951. Iliuzwa, ikaishia Yemen, na watu wa Sur wakachanga fedha kuirudisha mwaka 1993. Tazama nakshi za tezi, yaani nyuma ya chombo, na kile kilemba chenye ncha tatu kwenye omo, yaani mbele, ndicho kinachoitambulisha ganja ukiiona kwa mbali.

Barabara ya pwani

Bonde la Wadi Shab liache mpaka Jumapili, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi ndizo wikendi zao na njia ya mawe inajaa foleni. Fika saa 1:30 asubuhi. Boti ya kuvusha ni riali 1 kwenda na kurudi. Muulize mwenye boti saa ya safari ya mwisho kabla hujapanda. Ni mwendo wa dakika 45 kwa miguu, kisha unaogelea. Viatu vya mpira vyenye kushika mawe ni lazima, sapatu zitakuangusha. Mfuko usiopitisha maji uwe wa simu na ufunguo wa gari, maana ufunguo wa kielektroniki ukilowa utalala Tiwi, kijiji cha hapo jirani. Shimo la Bimmah, lenye maji ndani, liko njiani na linataka dakika 20 tu. Magofu ya Qalhat yaliingia UNESCO mwaka 2018, lakini usiyapangie siku: kinachoonekana vizuri ni kaburi la Bibi Maryam.

Ukishaingia Maskati zunguka mpaka Al Bustan. Katikati ya mzunguko wa barabara limesimama jahazi Sohar, lililojengwa Sur na kusafiri mpaka China mwaka 1980 na 1981. Egesha pembeni, usivuke magari yakiwa mengi, na baada ya ile misumari ya Jumamosi tazama ubavu wake: mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba, tundu kwa tundu.