Nimepanda Boeing 737 Max toka Luano: ndege nzuri, ila kiwanda kilichelewa kusimama

Ukikata tikiti ya kutoka Lubumbashi, uwanja wa Luano, kupitia Addis na wakupangie Boeing 737 Max 8, watu wa kwenu watakupigia simu wakuambie ubadilishe siku, ju mbili za aina hii zilianguka. Mimi niliipanda, na naandika hii kwa wale wenye wanaogopa: sasa ni ndege nzuri, panda.

Ndani kumetulia sana. Injini hazipigi kelele kama za 737 ya zamani, na ukipata kiti cha dirishani mbele kidogo ya bawa, angalia kifuniko cha injini, pale mwisho kimekatwa meno meno kama msumeno, njo inasaidia kupunguza ile kelele. Bagaji za mkononi zinaingia juu bila kusukumana. Nafasi ya magoti ndiyo ndogo, mtu mrefu atateseka.

Lakini siwezi kuisifu hii ndege nikanyamaza ju ya yale yaliyoipata. Max ya kampuni ya Lion Air ilianguka baharini Indonesia Oktoba 2018, watu 189 wakafa. Halafu tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian iliyotoka Addis kwenda Nairobi ikaanguka dakika sita tu baada ya kuruka, watu 157 wakafa. Addis njo njia yetu, sisi wa Lubumbashi tunapitia pale kila siku, wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa wanaoenda kutibiwa, kwa hiyo hiyo haikuwa habari ya mbali hata kidogo. Sababu ilikuwa programu inaitwa MCAS, yenye ilisukuma pua ya ndege chini ikiamini kipimo kimoja tu, kile kidude kidogo kinachozunguka pembeni ya pua kupima imeinuka vipi kwenye upepo, na kipimo kikidanganya piloti anabaki anapigana na ndege yake mwenyewe.

Sasa kitu kinaniuma mpaka leo. Dunia nzima ilikataza Max kuruka Machi 2019, lakini kiwanda cha Boeing cha Renton kule Marekani kiliendelea kutengeneza, walishusha tu toka ndege 52 kwa mwezi mpaka 42, na ndege hakuna pa kuzipeleka, wakazipanga hadi kwenye parking ya magari ya wafanyakazi, zikafika karibu 400. Kusimamisha kabisa ni Januari 2020. Miezi kumi! Kwangu mimi wangesimama siku ile ile ya Machi, watengeneze kasoro kwanza, ju kila ndege iliyoongezeka ilikuwa inawasukuma kuharakisha kurudi hewani.

Na waliposimama, mzigo uliangukia nani? Wa Renton wengi walipewa kazi ingine ndani ya Boeing. Lakini Spirit AeroSystems ya Wichita, wenye kutengeneza mwili wa ndege na kuutuma kwa treni, walifukuza watu 2,800 mwezi ule ule. Sisi watu wa Katanga tunajua hiyo vizuri. Novemba 2019, mbele kidogo ya Renton kufunga, kampuni ya madini ya Glencore ilisimamisha mgodi wa Mutanda karibu na Kolwezi ju bei ya kobalti ilianguka, na ilirudi 2021. Mgodi ukifungwa si mchimbaji peke yake, ni dereva wa lori, ni mama anayeuza bugali karibu na geti, ni mwenye nyumba za kupangisha, wote wanakosa mwezi uleule na hakuna mtu aliwauliza kitu.

Kiwanda kilianza tena pole pole Mei 2020, Marekani ikaruhusu Max kuruka Novemba 2020, Ethiopian yenyewe ikangoja mpaka Februari 2022, na kwa kungoja vile nawaheshimu sana. Leo MCAS inalinganisha vipimo viwili, vikipingana haifanyi kitu, vikipatana inasukuma mara moja tu na piloti anaweza kuishinda, na mapiloti wanafundishwa kwenye simuleta (mashine ya kuigiza kurusha ndege) mbele ya kupewa ndege. Hayo yote yangewezekana toka mwanzo, na wale watu 346 wangekuwa hai.

Kwenye tikiti Max 8 inaandikwa 7M8, ile ya zamani ni 738 ao 73H. Ukiona 7M8 usilipe pesa ya kubadilisha, ila kama una miguu mirefu omba kiti cha kwenye mlango wa dharura mapema, vinaisha haraka.