Waya mpya wa boneti: waya safi, mkono hovyo

Oneni hiki kipande cha plastiki, ni cha ule mkono unaouvuta ndani ya gari ili boneti ifunguke. Kimebaki mkononi mwangu leo asubuhi, hapa hapa Shangani, na huu waya wake wa kwenda kwenye loki haujamaliza hata miezi miwili! Karibuni tena jamani, hapa ni Mtwara. Msiondoke, boneti bado imefungwa na tunaifungua mbele ya macho yenu.

Gari ni ileile Toyota IST yangu. Waya nilinunua mpya, shilingi 18,000, pamoja na mkono wake. Dar unaupata kwa bei nafuu, lakini hesabu na kilomita zaidi ya 500 za kuusafirisha.

Mdogo wangu, leta kamera huku chini ya usukani, kulia. Mnaona? Mkono umekatikia pale unapopokea kichwa cha waya. Waya wenyewe mzima. Usivute kwa vidole, unakata. Chukua plaizi, bana kichwa cha waya, na kwa mkono wako wa pili shika gamba la nje la waya lisisogee. Gamba likifuata, unavuta bure. Navuta... haijaachia. Navuta tena... bado.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoanza kuharibu. Nenda mbele, mdogo wangu, weka viganja viwili juu ya boneti, usawa wa loki. Usipige ngumi, bati litabonyea. Kandamiza, usiachie... navuta... tak! Mmeisikia hiyo? Rudisha, tuwaonyeshe tena. Boneti ikifungwa, springi na raba zinaisukuma juu, kwa hiyo loki inakuwa imejibana yenyewe. Ukiikandamiza, loki inapumua, waya unavutika kwa nguvu kidogo tu. Halafu pitisha vidole mbele, inua ile ndoano ya usalama. Imefunguka!

Waya ukikatikia kule kwenye loki, plaizi haisaidii. Hapo ni tochi na bisibisi ndefu kupitia matundu ya shoo, ile grili ya mbele, injini ikiwa imepoa. Na kama lazima uingie chini ya gari, jeki peke yake usiiamini, weka stendi.

Kuna waya wa mtumba, elfu saba. Mkono wake mgumu kweli, ila niliuchana gamba, ndani kutu tupu. Kwa chumvi ya bahari yetu hii, kuanzia hapa mpaka Mikindani, waya mkavu hauna maisha. Huu mpya ndani una grisi, unateleza vizuri. Nilikuja na hasira ya kuurudisha dukani, sasa naona waya nabaki nao. Mkono ndio sitaki kuuona tena, nimerudisha ule wa zamani wa gari.

Wiki ijayo tuko Lindi mjini na zile betri mlizoniomba, mfuatilie.

Kabla ya kufunga, tafadhali sana: usibamize boneti kwanza ndipo ujaribu. Boneti ikiwa wazi, sukuma loki kwa bisibisi mpaka ijifunge, hivi. Mdogo wangu, vuta ule mkono wa boneti huko ndani. Imeachia. Tena. Imeachia. Mara ya tatu... imeachia. Haya, teremsha boneti.