CZ Shadow 2 kwa mashindano, na springi iliyoniponza

Watu wengi renji (uwanja wa kulenga shabaha) wananiuliza hii bastola yangu ya mashindano, CZ Shadow 2, ikoje na kama kweli inafaa mtu aache Glock yake kwa ajili yake, kwa hiyo nimeona niandike yote mara moja. Nimeipiga mwaka mmoja na nusu sasa, risasi kama elfu nne hivi, kwenye jua la Kampala na mvua yake. Na ninaandika kwa ajili yetu tulioko Uganda, maana reviu nyingi za YouTube ni za watu ambao springi ikivunjika Jumatatu, Alhamisi nyingine imeshafika mlangoni, na risasi wanachagua aina wanayotaka. Sisi tunapiga risasi tuliyoipata, na kipuri unakisubiri miezi. Hilo linabadilisha kila kitu kwenye kuchagua bastola, na mimi nimelielewa baada ya kulilipia.

Nilianza na Glock 17 kama wengi wetu tuliopitia kazi ya ulinzi. Fremu yake ni plastiki, bila risasi ina gramu kama 625, na kusema ukweli sijawahi kuiona ikigoma. Vumbi jekundu la murram, tope, risasi ya kiwanda chochote, yote inakula tu. Kwenye mashindano shida yake ni kwamba ni nyepesi, kila ukifyatua mdomo wa mtutu unaruka juu na wewe unakaa unasubiri saiti (vile vya kulengea vilivyo juu yake) irudi, halafu triga yake unaivuta safari ndefu ya kuteleza mpaka ghafla imetoka. Kwa kujilinda hiyo haina neno. Kwa shabaha ya mita 20 unashindana na saa, inakuchelewesha.

Shadow 2 ni mnyama mwingine. Inatengenezwa Uherský Brod kule Jamhuri ya Cheki, ilitoka 2016, ila ukoo wake ni ile CZ 75 ya miaka ya sabini. Chuma tupu, gramu kama 1,330, yaani ukiweka Glock mbili kwenye mizani bado hazijaifikia. Siku ya kwanza nilidhani mkono utachoka, haukuchoka. Uzito mwingi uko mbele, chini ya mtutu, kwa hiyo teke linakuja taratibu na bastola inarudi yenyewe pale ilipokuwa. Kitu kilichonishika moyo ni saiti ya mbele. Ile nukta nyekundu naiona ikipanda, naiona ikishuka, inakaa tena katikati ya pengo la saiti ya nyuma, na kidole tayari kinajua cha kufanya. Kwenye Glock nukta ilikuwa inanipotea kabisa kila risasi naanza kuitafuta upya.

Na huko kuitafuta ndiko kunakula pointi, maana kwenye IPSC, yaani mashindano ya kimataifa ya kupiga shabaha kwa kasi tunayofuata, pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Pointi 60 kwa sekunde 10 ni 6. Pointi hizohizo 60 kwa sekunde 8 ni 7.5. Hujalenga vizuri zaidi, umeacha tu kusubiri.

Triga sasa. Risasi ya kwanza nyundo (ile inayogonga pini ili risasi ilipuke) iko chini, kwa hiyo unavuta mrefu na mzito, halafu zinazofuata ni fupi mno, unagusa tu. Divisheni ya Production, yaani kundi la bastola za kiwandani zisizobadilishwa sana, inataka nyundo iwe chini unapoanza, na mvuto wa triga una kiwango cha chini cha uzito. Hapa niseme kitu ambacho wauzaji hawakwambii: hii bastola haina kitufe cha kushusha nyundo. Ofisa wa renji akikuambia uweke risasi ujiandae, unaingiza magazini, unavuta slaidi (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma), halafu nyundo unaishusha kwa mkono wako mwenyewe, kidole gumba kimeibana, cha shahada kinavuta triga, unaiachia polepole kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, mdomo wa mtutu umeelekea kwenye tuta la kuzuia risasi muda wote. Ikikuponyoka risasi ikatoka, umeondolewa mechi nzima, na hapo ni bahati kama ni hilo tu limetokea. Mimi nimefanya hicho kitendo nyumbani mara mamia, bastola tupu, nimeikagua mara tatu, risasi zote ziko chumba kingine. Kama huna subira ya kufanya hivyo usinunue hii bastola, baki na Glock, nasema kwa nia njema.

Sasa nije kwenye springi.

Baada ya miezi kama minne nikaanza kusoma habari za kulainisha triga. Kila mtu huko nje anasema weka springi ya nyundo ya paundi 11.5, triga itakuwa siagi. Nikaagiza, nikasubiri, ikafika, nikampelekea afande mmoja fundi wa silaha mwenye kibali akaniwekea. Wallahi ilikuwa siagi. Nyumbani nafyatua kavu, bila risasi, naangalia ile nukta, haitikisiki hata kidogo, nikajiona nimefika.

Siku ya mechi, stage (zoezi moja la mechi) ndefu ya risasi 32. Nafyatua ya tatu nasikia "tak". Hakuna mlipuko. Nikapiga magazini chini, nikavuta slaidi, nikaendelea, mbili zikatoka, "tak" tena. Mpaka namaliza zimegoma saba. Nilimaliza ile stage jasho linaniingia machoni na sikujua niiangalie bastola au taima.

Tulipomaliza nikaenda kuziokota zile saba kwenye mchanga nikaziangalia moja moja. Nyuma ya ganda, pale kwenye praima (kile kidude kinachowasha baruti), pini ilikuwa imeacha alama ndogo kama mtu amegusa kwa ncha ya kalamu, wakati maganda yaliyolipuka alama imezama. Mwenzangu mwenye Glock akazichukua zilezile saba akaziweka kwake. Zikatoka zote. Risasi hazikuwa mbovu basi, praima zake zilikuwa ngumu, kama zilivyo risasi nyingi zinazotengenezwa kwa mtindo wa kijeshi, na springi yangu nyepesi ilikuwa inaibembeleza nyundo badala ya kuirusha. Wale wa YouTube wanapiga risasi za praima laini na wengi wanatengeneza risasi zao wenyewe, ndiyo maana kwao 11.5 inafanya kazi. Hawakudanganya, ila hawakuwa wanaongea na mtu wa Kampala.

Nikarudi kwa afande, tukaweka ya paundi 13. Triga imeongezeka uzito kidogo, nyundo sasa inagonga kweli. Tangu hapo nimepiga zaidi ya elfu mbili, za aina tatu tofauti, haijagoma hata moja kwa sababu ya praima. Kwangu mimi hiyo 13 ndiyo apgredi bora niliyoweka kwenye bastola hii, na nyepesi nisingeirudia hata nikipewa bure.

Kuna mtu atasema si ungebadilisha tu pini ya kupigia uweke ndefu, hata springi nyepesi ingetosha. Ni kweli wengi huko nje wanafanya hivyo. Lakini kumbuka tuko wapi. Mwaka 2018 Rais alitangaza silaha zote zichukuliwe alama, na alama zinazotambulisha bastola zinatoka sehemu mbili hasa: mikwaruzo ya mtutu kwenye risasi, na kovu la pini kwenye praima. Ukibadilisha mtutu au pini kimyakimya, bastola uliyoisajili na bastola iliyo mkononi mwako zinaweza kuanza kusema vitu viwili tofauti. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba vitu hivyo viwili usiguse kabla ya kuuliza polisi kwenye ofisi inayotoa vibali. Springi, saiti na vishikio haviachi alama kwenye risasi.

Vishikio nilibadilisha na sijuti. Vile vya kiwandani ni aluminiamu, rangi ya bluu, vinapendeza sana kwenye picha, ila mkono wa kushoto ukilowa jasho vinaanza kuteleza, na renji zetu saa saba mchana mkono gani haulowi. Nikaweka vyenye meno makali kidogo. Kabla havijafika nilitumia ule utepe mkavu wenye changarawe kama msasa, nao ulinifaa vizuri kabisa, kwa mtu asiye na hela aanzie hapo. Sehemu ya mbele ya mshiko usiguse, CZ wameichonga vizuri tayari.

Saiti ya mbele ile nyuzi nyekundu, kile kijiti cha plastiki kinachotoa nukta, nimeweka ya kijani, macho yangu yanaiona haraka zaidi kwenye mwanga mkali. Kuna duka moja la nje lilinitumia nyuzi nene isiyoingia kwenye tundu, nikaandika mara tatu hawakujibu, hela ndogo lakini mechi mbili nimepiga na saiti yenye tundu tupu. Ukipata ya saizi sawa kazi ni dakika moja: kata kipande, sogeza kiberiti karibu na ncha mpaka ivimbe kama kichwa cha uyoga, ingiza, vimbisha na ncha ya pili. Nunua ya akiba maana ikidondoka kwenye nyasi hutaiona tena.

Mkanda watu hawaufikirii. Bastola ya kilo moja na zaidi ukiining'iniza kwenye mkanda wa suruali ya kawaida inalegea, na kila ukichomoa, holsta (mfuko wa bastola) inafuatana na bastola. Fundi viatu wa soko la Owino alinishonea ngozi mbili pamoja, ngumu kama ubao, haujapinda mpaka leo. Holsta yenyewe iwe ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa Shadow 2 hasa, hapo usibane hela.

Ile mdomo mpana wa kuingizia magazini mnayoiona kwenye bastola za picha, Production hawaruhusu, wala kile cha kuegemezea kidole gumba. Na magazini unaweka risasi 15 tu hata kama inabeba zaidi. Soma sheria za divisheni yako kabla ya kutuma hela.

Risasi pia zipime. Uzito wa kichwa cha risasi kinachoruka, bila ganda, kwa greini (kipimo kidogo cha uzito) zidisha kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000, lazima ufike 125. Risasi ya greini 124 ikienda futi 1,050 ni 130.2, uko salama. Ileile ikienda futi 1,000 ni 124, na hapo unaruhusiwa kuendelea kupiga ila hupewi pointi yoyote. Tofauti ya futi hamsini tu! Mwenye ile mashine ya kupima mwendo pale renji muombe, pitisha risasi kumi za kila boksi jipya.

Ubaya wake mwingine. Slaidi ya CZ inatembea ndani ya fremu, kwa hiyo sehemu ya kushika ni nyembamba, mkono ukiwa na jasho au mafuta kuivuta ni kazi. Chuma chake kinahitaji mapenzi, mvua za Aprili nilikuta kutu kwenye skrubu za vishikio baada ya siku tatu tu za uvivu, na mtu wa Entebbe karibu na ziwa aongeze bidii. Na mkono mdogo unapata tabu na ule mvuto wa kwanza. Kuna dada tunayepiga naye, mkono wake haufiki vizuri kwenye triga nyundo ikiwa chini, amejaribu wiki mbili akarudi kwenye Glock yake na anapiga vizuri sana, alifanya uamuzi sahihi.

Bei: huko Marekani Shadow 2 ni zaidi ya dola 1,200, Glock 17 karibu nusu yake, na kwetu ongeza usafiri, ushuru, vibali na muda. Kama ndiyo unaanza na hela inatosha kitu kimoja, chukua Glock na hiyo tofauti yote iingie kwenye risasi. Kama umeshapiga mwaka mzima, unajua kabisa kwamba kinachokuchelewesha ni saiti kurudi, na una fundi mwenye kibali unayemuamini, Shadow 2 itakulipa, mimi imenilipa.

Oda yangu inayofuata ina vitu viwili tu: ile pini ya kuzuia slaidi, na springi ndogo inayorudisha triga mbele. Ndivyo vinavyosifika kwa kuvunjika kwenye hizi CZ, na nataka viwe kwenye begi kabla havijavunjika.