Simu "kali" kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, na kidato cha tano huanza katikati ya mwaka unaofuata. Katikati hapo ndipo vijana wengi wa Tanzania hununuliwa simu janja ya kwanza, maana shule nyingi, hasa za bweni, hazitaki kumwona mwanafunzi na simu. Mzazi huingia dukani akiwaza bei na betri. Kijana anawaza kamera ngapi zitaonekana akijipiga picha mbele ya kioo cha chumbani. Hayo mawazo ya kijana usiyapuuze. Simu anayoionea aibu haitunzwi: itaachwa bila kava, itaazimishwa hovyo, na siku moja utaambiwa imepotea.

Ukali wa simu uko wapi hasa

Marekani kijana mwenye Android hujulikana kwenye meseji, kwa kuwa ujumbe wake hutokea na rangi ya kijani kwenye iPhone za wenzake. Kwetu hilo halina uzito. Kila mtu yuko WhatsApp, na WhatsApp haikubagui kwa simu uliyoshika. Hapa ukali wa simu uko mgongoni: nembo na idadi ya kamera, ndiyo maana mtaani iPhone za Pro zinaitwa "macho matatu". Kitu cha pili ni kurushiana video. Kundi la marafiki wenye iPhone hutumiana kwa AirDrop bila kugusa bando, na asiyenayo husubiri atumiwe WhatsApp, ambako video hubanwa mpaka ikafifia. (Dawa ipo: itumwe kama faili, siyo kama video, na ubora wake unabaki vilevile. Kati ya Android kwa Android kuna Quick Share, ambayo nayo haitumii bando.)

Kwa hiyo usimuulize "unataka simu gani?" Atasema iPhone, na maongezi yatakuwa yameisha. Muulize ataifanyia nini zaidi. Anayerekodi TikTok anahitaji kamera ya mbele nzuri na video isiyotetemeka. Wa gemu kama Free Fire na eFootball anahitaji prosesa nzuri, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isiyopungua 6GB na kioo cha 90Hz au 120Hz, yaani kinachobadilisha picha mara 90 au 120 kwa sekunde. Na yupo ambaye hataki lolote kati ya hayo ila asionekane mshamba mbele ya wenzake. Huyu wa tatu ndiye anayepigwa zaidi na wauza simu.

Kabla ya kuchagua, ondoa kwanza kwenye bajeti pesa ya kava, protekta na chaja. Apple iliacha kuweka kichwa cha chaja kwenye boksi tangu iPhone 12 mwaka 2020, na Samsung nyingi siku hizi zinakuja na waya tu.

1. Samsung Galaxy A16 au A26, mpya

Kwa familia nyingi hili ndilo chaguo la kwanza. Jina la Samsung halichekwi popote, kioo chake cha AMOLED kina rangi zinazovutia kwenye video, na kampuni imeahidi masasisho ya usalama kwa miaka 6. A16 ilitoka mwishoni mwa 2024, hivyo inafika 2030, wakati kijana huenda ameshamaliza chuo. Zote mbili hupokea kadi ya kumbukumbu, jambo lisilowezekana kwenye iPhone yoyote.

Pesa ikiruhusu, ruka uende A26. Kamera yake kuu ina kifaa cha ndani kinachotuliza mtikisiko wa mkono, ambacho A16 haina, na kwa anayerekodi akitembea tofauti inaonekana mara moja. Tena ina kiwango cha IP67, yaani huhimili kuzama kwenye maji yasiyo na chumvi ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Bahari ya Coco Beach haimo kwenye ahadi hiyo.

Wengi hukosea kwa kudhani kila "A" ni ile ile. A05 na A06 zina kioo cha LCD cha kawaida na mwendo mzito. Vilevile A16 huuzwa ikiwa na RAM ya 4GB, 6GB au 8GB. Ile ya 4GB ndiyo utakayooneshwa kwanza kwa sababu bei yake inapendeza, na baada ya mwaka mmoja ndiyo itakayokuwa inafunga TikTok yenyewe kila WhatsApp inapofunguliwa. Soma kibandiko cha boksi.

2. iPhone ya mtumba: 13 kama unaweza, 11 kama huna budi

Kiasi cha pesa kinachonunua iPhone 11 iliyotumika mara nyingi kinatosha Samsung A mpya ya daraja la kati, na hapo ndipo ugomvi wa nyumbani unapoanzia. Kijana hajakosea kila kitu. Video za iPhone ni nzuri, programu za picha hutumia kamera yake vizuri, na thamani yake haishuki haraka, hivyo baada ya miaka miwili bado utapata mteja.

Mpangilio wetu ni huu. iPhone 13 ndiyo bora kwa pesa, maana ya chini kabisa ina hifadhi ya 128GB. iPhone 12 ina kioo kizuri cha OLED, lakini nyingi sokoni ni za 64GB, na 64GB kwa kijana wa magrupu kumi ya WhatsApp hujaa ndani ya miezi michache. iPhone 11 ndiyo ngazi ya mwisho tunayoikubali. XR, XS na X ziache: iOS 26, mfumo wa iPhone wa mwaka 2025, iliziacha XR na XS, na X ilikuwa imeachwa kabla yao. iPhone 14 na kuendelea zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM pekee (laini ya ndani ya simu isiyo na kadi), kwa hiyo uliza kwanza kama mtandao wako unaitoa. Zilizotoka Japani kamera yake huweza kulia kila ukipiga picha, hata simu ikiwa kimya.

Ukaguzi ufanye dukani, pesa ikiwa bado mfukoni, kwa mfuatano huu:

Piga *#06#. Namba ya IMEI (utambulisho wa simu) itakayotokea ilingane na iliyoko Settings, General, About, na ya kwenye boksi kama lipo. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litakutajia aina ya simu. Huduma hiyo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ndiyo iliyotumika wakati simu bandia zilipozimwa Juni 2016. Ukijibiwa jina tofauti na simu uliyoshika, rudisha.

Ukiwa hapo hapo About, tazama herufi ya kwanza ya Model Number. M ni simu iliyouzwa ikiwa mpya, F ilikarabatiwa na kuuzwa tena, N ilitolewa kama mbadala wa iliyoharibika. F si dhambi, ila muuzaji akiapa kwamba ni mpya wakati imeandikwa F, ujue na maneno yake mengine ni ya aina hiyo. Shuka chini mpaka Carrier Lock: paandikwe "No SIM restrictions". Vinginevyo simu imefungwa kwenye mtandao wa nje, na kile kichipu chembamba kinachowekwa chini ya laini ili kuifungua huweza kuacha kufanya kazi siku simu ikisasishwa.

Afya ya betri (Battery Health, ndani ya Settings, Battery) iwe asilimia 85 au zaidi. Chini ya 80 simu yenyewe huanza kukuambia ipelekwe huduma. Simu ya miaka minne yenye betri ya 100% iulize maswali: ama betri imebadilishwa, ama asilimia imepandishwa na mashine ya fundi. Tafuta Parts and Service History kwenye About. Kipengele kilichoandikwa "Unknown Part" huenda ni kifaa kisicho cha Apple, au kilichotolewa kwenye simu nyingine. Kwenye kioo angalia kama True Tone, inayolinganisha rangi za kioo na mwanga wa mahali ulipo, ipo kwenye sehemu ya mwanga. Isipokuwepo, huenda kioo kimebadilishwa kwa kopi, na kopi hula betri na huonekana hafifu juani.

Sajili uso wako kwenye Face ID pale pale. Ikikataa usikubali kuambiwa "ni sasisho tu". Vifaa vyake vimefungamanishwa na bodi ya simu hiyo, na mafundi wengi hawaviwezi.

Mwisho, mwambie muuzaji: "Kaka, ifute yote mbele yangu." Simu iwashwe upya mpaka ifike ukurasa wa kuanza. Ikidai barua pepe ya mtu usiyemjua, imefungwa na iCloud (akaunti ya Apple) ya mwenye nayo, huenda imeibwa. Usikubali ya "baipasi", yaani iliyorukishwa kufuli hiyo kwa ujanja wa fundi, hata kwa nusu bei. Itapiga picha na kucheza muziki, na siku itakapofutwa itageuka jiwe. Kisha weka laini yako, piga simu, rekodi video ya sekunde 20 na uisikilize, chomeka chaja na utikise waya kidogo kuona kama inakatakata.

3. Tecno Camon na Infinix Note, mpya

Hizi na itel ni za kampuni moja ya China, Transsion. Zamani kijana aliyeshika Tecno alitaniwa. Sasa Camon inapendwa kwa sababu kamera zake zimepangwa zitoe ngozi nyeusi ilivyo, bila kuigeuza rangi ya majivu, na Infinix Note ina jina kwa wacheza gemu. Unapata nafasi kubwa, chaja ya kasi ndani ya boksi, mara nyingi hata kava, na vituo vya Carlcare kwa matengenezo. Waranti idai iandikwe tarehe na kugongwa muhuri siku ya kununua.

Namba za kwenye tangazo zisikulevye. "RAM 16GB" kwa kawaida ni 8GB za kweli na 8GB zilizokopwa kwenye hifadhi, ambazo ni za polepole na hazisaidii gemu. Kamera ya megapikseli 50 huunganisha vitone vinne kuwa kimoja, kwa hiyo picha ya kawaida hutoka na megapikseli kama 12. Udhaifu wenyewe ni masasisho machache kuliko ya Samsung, na arifa za matangazo zinazojitokeza ovyo. Hizo za matangazo zizime programu moja moja siku ya kwanza.

Redmi Note ya Xiaomi inakaa daraja hili hili. Kwa thamani ni nzuri; kwa sifa mtaani, ya kawaida.

4. Google Pixel ya mtumba

Kwa picha za usiku inazishinda zote zilizotajwa juu kwa bei yake, na vijana wanaojua simu huiheshimu. Tatizo ni vipuri: kioo kikipasuka, fundi wa Kariakoo anaweza kukupatia kingine, lakini mikoani utasubiri kiagizwe. Chukua Pixel 8, yenye masasisho hadi 2030, au 7 inayoishia 2027. Pixel 6a iache. Mwaka 2025 Google ilituma sasisho linalopunguza uwezo wa betri yake baada ya kuchajiwa mizunguko 400, kwa sababu ya hatari ya joto kali.

Za kutonunua hata ukipunguziwa

Ya kwanza ni XR iliyovalishwa ganda la 14 Pro au 15 Pro. Ina macho matatu mgongoni, na mawili kati yake ni vioo vitupu. Fungua kamera utafute kitufe cha 0.5: XR haina lenzi pana, kwa hiyo hakipo. Au ziba kamera moja moja kwa kidole uone ni ipi inayotia giza. Ganda la namna hiyo halizuii maji, na betri hubanwa vibaya ndani. Vijana huielewa baada ya wiki, rafiki mmoja akiomba kupigwa picha ya kikundi kwa lenzi pana.

Ya pili ni iPhone bandia yenye Android ndani. Bonyeza App Store: ikifunguka Play Store, umemaliza.

Ya tatu ni Samsung za S20 na S21 zenye mstari wa kijani au wa waridi kwenye kioo. Mmoja huzaa wa pili, na kubadilisha kioo kunakaribia bei ya simu nzima.

Simu ya mkopo si mbaya, ila jumlisha malipo yote kabla ya kusaini, na ujue kwamba ukichelewa rejesho simu hujifunga. Ya mtumba iliyo kwenye mkopo wa mtu mwingine itajifunga ikiwa mkononi mwako.

Baada ya kununua

Rangi ya simu na kava mwachie kijana achague. Hapo ndipo sifa inapopatikana kwa pesa ndogo. Mwambie tu kwamba kava angavu la plastiki hugeuka njano kwa jua.

Akirudi shuleni Julai, simu itakaa kabatini miezi. Ichajiwe ifike kama nusu, izimwe kabisa, isiachwe ikiwa tupu wala imejaa. Laini ihamishiwe simu nyingine isije ikafungwa kwa kutotumika. Nywila ya simu na ya akaunti ya Apple au Google ziandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na risiti, kwa sababu kijana anayerudi likizo akiwa amezisahau atakuta simu yake mwenyewe imemfungia, na fundi hatamtofautisha na mwizi.